Mdomo Usifike Chini

Mbuzi ni mnyama wa vichaka. Mwachie huru kwenye pori la Dodoma au Baringo, utamwona akipita juu ya nyasi bila hata kuzitupia jicho, akaenda kusimama kwa miguu ya nyuma chini ya mgunga na kuvuta majani ambayo kondoo hawezi kuyafikia. Mdomo wake wa juu ni mwepesi, ulimi wake unajua kupenya katikati ya miiba, na tumbo lake limezoea majani machungu yenye tanini ambayo ng'ombe huyaacha. Kwa vizazi visivyohesabika amekula juu, na kwa sababu hiyo mwili wake haukujifunza kupambana na vimelea vya kwenye nyasi fupi kama mwili wa kondoo ulivyojifunza. Hakuwa na haja.

Kisha sisi tukamtafutia uzao wa Ulaya wenye maziwa mengi na kumpeleka milimani, penye mvua na ukungu. Miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa Morogoro kwa kazi za chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kutoka hapo uzao wao ukapanda hadi Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, ambako Waluguru hulima kabichi, njegere na viazi mviringo kwenye matuta yaliyoning'inia mlimani. Upande wa Kenya, Toggenburg waliingia Meru kupitia mradi wa FARM-Africa ulioanza 1996, na Alpine wa Ujerumani wakashika Nyeri na maeneo jirani. Sababu ilikuwa ileile kila mahali. Mashamba yamegawanywa kwa urithi hadi ng'ombe hana pa kusimama, lakini mbuzi wawili wanaenea pembeni mwa nyumba, na chotara anayetunzwa vizuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku. Kwa nyumba yenye watoto wadogo hicho si kitu kidogo.

Niseme wazi mapema ninachoamini. Magonjwa mengi yanayowamaliza mbuzi wa maziwa kwenye shamba dogo hayatokani na ukosefu wa dawa. Yanaanza pale mdomo wa mbuzi unapokutana na kinyesi chake. Anayeanza ufugaji hujitahidi kwanza kujua dawa gani inunuliwe na sindano gani ipigwe, na sakafu ya banda anaijenga kwa mabaki ya mbao. Ningependa aanze na sakafu.

Tumtazame adui mkuu. Ni mnyoo mwembamba kama uzi, wa sentimita mbili au tatu, anayeishi kwenye tumbo la nne la mbuzi. Wataalamu humwita Haemonchus contortus. Ukimpasua mbuzi aliyekufa kwa minyoo hawa utawaona kwa macho, majike wakiwa na mstari mwekundu na mweupe uliosokotwa: wekundu ni damu waliyonyonya. Kila mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Kiasi hicho hakionekani kitu, lakini mbuzi mmoja anaweza kubeba minyoo elfu moja au zaidi, na elfu moja wakinyonya hivyo, mbuzi anapoteza mililita 50 za damu kila siku ilhali mwilini mwake mna lita tatu tu au pungufu. Jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu huanguliwa kuwa lava, yaani minyoo wachanga. Ndani ya wiki moja hivi lava wameshakomaa na kupanda kwenye nyasi zenye umande. Hawapandi mbali. Wengi wao hukaa kwenye sentimita chache za chini za jani. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba kwenye kiwanja cha nyasi fupi, siku baada ya siku, kigingi hakihami, anawameza tena na tena, na wiki tatu baadaye wale aliowameza leo wanataga.

Ndiyo maana sikipendi kigingi. Naelewa kwa nini watu wanakitumia: mama ana shamba la kupalilia, watoto wako shule, na mbuzi lazima ale. Lakini kigingi kimoja mahali pamoja katika msimu wa masika ni njia ya uhakika ya kumlisha mbuzi minyoo yake mwenyewe. Ikibidi kumfunga nje, afungwe kwenye uzio wa vichaka au ukingo wenye miti, mahali pahamishwe kila siku, na asitolewe kabla umande haujakauka.

Minyoo hawa hawasababishi kuhara kwa kawaida, na hapo ndipo wanapowadanganya wafugaji. Mtu anaona kinyesi cha mbuzi wake ni vidonge vizuri vikavu, anasema mnyama mzima. Huku damu inaisha. Dalili iko kwenye jicho. Mshike mbuzi kichwa mahali penye mwanga wa jua, bonyeza kidogo kope ya juu kwa kidole gumba ili jicho lirudi ndani, kisha vuta kope ya chini na utazame utando wake wa ndani. Ukiwa mwekundu, ana damu ya kutosha. Ukiwa wa waridi hafifu, muweke chini ya uangalizi. Ukiwa mweupe kama karatasi, hana siku nyingi. Madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini waligeuza uchunguzi huu kuwa kadi yenye rangi tano, nao wanaiita FAMACHA, kwa heshima ya Dkt. Faffa Malan aliyebuni wazo lenyewe. Kadi ni nzuri kwa sababu kumbukumbu ya rangi hudanganya, lakini hata asiye nayo anaweza kulinganisha mbuzi wake mmoja na mwingine, na wiki hii na wiki iliyopita. Dalili nyingine huja ugonjwa ukiwa umekomaa: uvimbe laini wa maji chini ya taya. Ukiuona huo, usisubiri siku ya soko. Mwite bwana mifugo siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba kupe wengi, minyoo bapa ya ini na njaa vinaweza kuleta weupe huohuo, kwa hiyo jicho linakuambia damu imepungua. Nani ameila ni swali la pili.

Hapa pana jambo linalowaudhi baadhi ya wafugaji wazuri, nao ndio wenye bidii zaidi. Wamefundishwa kuwapa mbuzi wote dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na wanafanya hivyo kwa uaminifu. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni kuzalisha minyoo sugu. Kila dawa inapopita, wanaobaki hai ni wale wachache inaoshindwa kuwaua, na hao ndio wanaotaga. Ukiwapa dawa mbuzi wote kwa wakati mmoja, unawaachia sugu hao banda na malisho peke yao. Ukimpa dawa yule tu ambaye jicho lake limepauka, wale wenye macho mekundu wanaendelea kudondosha mayai ya minyoo wa kawaida, dhaifu mbele ya dawa, na hao huchanganyika na sugu na kupunguza nguvu yao. Katika kundi lolote minyoo wengi huwa wamejaa kwenye mbuzi wachache. Kwa hiyo tazama macho ya wote kila wiki mbili wakati wa mvua, kila mwezi wakati wa kiangazi, na utibu wanaohitaji.

Na unapotibu, tibu kwelikweli. Mwili wa mbuzi huivunja dawa haraka kuliko wa kondoo, na chupa nyingi za madukani zimeandikwa kipimo cha kondoo na ng'ombe. Kipimo cha kondoo kikipewa mbuzi, mara nyingi hakitoshi, nacho kinafundisha minyoo usugu. Lakini usiongeze kwa kubahatisha: levamisole ikizidi huua, na albendazole haipaswi kupewa jike mwenye mimba changa. Mwulize daktari wa mifugo kipimo cha mbuzi kwa dawa uliyoishika mkononi. Uzito usikisiwe kwa macho. Tumia tepu ya kupimia kifua au mizani, maana wengi wetu huona mbuzi mwepesi kuliko alivyo.

Sasa sakafu. Banda la mbuzi wa maziwa huinuliwa juu ya nguzo, kiasi cha mita moja hivi kutoka ardhini, ili mtu aweze kuingiza jembe au reki chini yake na kuvuta samadi. Sakafu ni ya fito au mbao zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita moja na nusu: kinyesi na mkojo vipite, kwato zisipite. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, vidonge vinanasa, vinalowa, na umerudi pale pale. Ikiwa kubwa, utavunja miguu ya watoto wa mbuzi. Upande unaotoka upepo wa baridi uzibwe, upande mwingine uachwe wazi, maana hewa nzito yenye harufu kali ya mkojo huunguza mapafu kabla kijidudu chochote hakijaingia. Ukiingia bandani asubuhi ukasikia macho yanawasha, mbuzi wako walilala humo usiku kucha. Paa livuke kuta ili mvua isipige ndani. Huko Mgeta na Meru samadi inayodondoka chini inakwenda moja kwa moja kwenye mboga na migomba, na nimewasikia wakulima wakisema wangefuga mbuzi hata kwa ajili ya samadi pekee.

Banda la juu lina gharama yake. Kwato zilizoumbwa kutembea juu ya mawe haziliki juu ya mbao. Hukua, hujikunja, hushika uchafu na kuoza, na mbuzi anayechechemea hali vizuri, na asiyekula vizuri hakamuliwi vizuri. Zikate kila wiki sita hadi nane kwa kisu kikali au mkasi wa kupogolea, kidogo kidogo, hadi uone rangi ya waridi inaanza kujitokeza, hapo simama.

Chakula kiwe juu vilevile. Hori liinuliwe usawa wa kifua cha mbuzi, liwe nje ya banda, na mbuzi apitishe kichwa tu kwenye mbao. Akiweza kupanda ndani ya hori atapanda, na atakojoa humo, kisha atakataa kula. Wengine humwita mdeko kwa tabia hiyo. Mimi naiheshimu, maana ni silika inayomlinda: mbuzi hali kilichokanyagwa. Matawi yafungwe mafungu na kuning'inizwa. Kaliandra, lusina, mforosadi na matete hustawi kwenye kingo za matuta, ambako hushika udongo pia. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula, kwani ina sumu inayoweza kunyonyoa manyoya na kuharibu tezi ya shingo. Majani ya mihogo yanyaushwe kwanza. Matete na majani mabichi yaliyokatwa alfajiri na umande yaachwe juani hadi mchana, na yasikatwe kule chini karibu na ardhi, ambako lava wanakaa. Pumba na mashudu ni vizuri kwa jike anayekamuliwa, lakini viongezwe taratibu kwa siku kadhaa, kwa sababu tumbo la mbuzi linategemea vijidudu vinavyosaga majani, navyo havihimili mabadiliko ya ghafla. Mbuzi aliyefungua mfuko wa mahindi usiku na kula atakavyo anaweza kufa kabla ya jioni ya siku ya pili.

Na maji. Sijui kwa nini bado tunabishana kuhusu maji. Iko imani kwamba mbuzi hanywi, na kweli mbuzi wa nyika huvumilia kiu, lakini maziwa sehemu kubwa ni maji, na jike anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita tano kwa siku. Ayapate safi, ndoo iwe imeinuliwa na kufungwa asiichafue. Jiwe la chumvi lenye madini liwe karibu naye siku zote.

Kukamua kunataka mikono safi na utulivu. Osha mikono, futa kiwele kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, kila mbuzi na kitambaa chake, kisha kausha. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu yake: vibonge, nyuzi au damu vikionekana, kiwele kimeshaanza kuumwa hata kama bado hakijavimba. Huyo akamuliwe wa mwisho, maziwa yake yamwagwe mbali na banda, na daktari aitwe. Wenye afya hutangulia siku zote. Baada ya kukamua, chovya chuchu kwenye dawa ya iodini na mpe mbuzi majani ale akiwa amesimama, maana tundu la chuchu huchukua muda kujifunga, na akilala mara moja kwenye uchafu vijidudu vinaingia. Ugonjwa wa kiwele ukiachwa hukiua kiwele upande mmoja, kikageuka cha rangi ya zambarau na baridi kama nyama ya buchani, na wakati mwingine hummaliza mbuzi mwenyewe. Dawa ya kuua vijidudu ikitumika, maziwa yasinywewe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Najua uchungu wa kumwaga maziwa wakati mteja amesimama mlangoni na chombo. Bado yamwagwe. Na maziwa yote ya kunywa, hata ya mbuzi anayeonekana mzima, yachemshwe, kwani homa ya kutupa mimba, yaani bruselosi, hupita kwenye maziwa mabichi na kumkalia binadamu miezi mingi ya homa na maumivu ya viungo. Mbuzi akitupa mimba, usishike kilichotoka kwa mikono mitupu. Kichome au kizike kwa kina.

Jike hubeba mimba siku 150 hivi. Miezi miwili ya mwisho asikamuliwe. Ni kipindi hicho watoto wanapokua kwa kasi tumboni, na mwenye mapacha asipoongezewa chakula huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake hadi anazubaa, anakataa kula na kuanguka. Mtoto anapozaliwa hana kinga yoyote ya magonjwa, kwa sababu kwa mbuzi kinga haipiti kwenye kondo. Inapita kwenye dang'a pekee, na utumbo wa mtoto huanza kufunga mlango wa kuipokea saa chache tu baada ya kuzaliwa. Ndani ya saa ya kwanza awe amenyonya. Mtoto wa kilo tatu anahitaji angalau mililita 300 katika siku ya kwanza. Kitovu kipakwe iodini. Baada ya hapo sakafu kavu itafanya mengi, kwa sababu koksidia, inayowaharisha watoto wa mbuzi wakati mwingine kwa damu, nayo huishi kwenye kinyesi chenye unyevu.

Yapo magonjwa mawili ambayo sakafu haiwezi kuyazuia, kwa kuwa yanakuja na pumzi ya jirani. Homa ya mapafu ya mbuzi husababishwa na kijidudu kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1976. Mbuzi anakohoa, anapanua miguu ya mbele, ananyoosha shingo akitafuta hewa, na kundi lisilo na chanjo linaweza kupoteza zaidi ya nusu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, kaskazini, Ngorongoro, na tangu hapo imesambaa: homa kali, macho na pua kutoa usaha, vidonda mdomoni, kuhara. Ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na mashirika ya kimataifa yamejiwekea lengo la kuitokomeza na hii ifikapo 2030. Chanjo yake moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi. Ile ya homa ya mapafu hurudiwa kila mwaka. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho. Mwenye mbuzi wawili hawezi kuinunua peke yake. Wafugaji wa kitongoji lazima wakubaliane siku, wachange, wamwite mtaalamu mmoja mwenye kasha la barafu, wachanje wote asubuhi moja. Mahali ambapo vikundi vya wafugaji wa mbuzi vimekufa, huduma hii ndiyo inayokufa ya kwanza. Mbuzi mgeni naye, hata awe mzuri wa kutamanisha, akae peke yake wiki tatu au nne, mbali na pua za wengine.

Nimeacha beberu mwisho, na hatajwi vya kutosha katika mazungumzo ya afya. Milimani mara nyingi beberu mmoja huhudumia kijiji kizima, na mwenye naye huona fahari kumweka miaka. Baada ya muda anawapanda binti zake, kisha wajukuu, na watoto wanazaliwa wadogo, dhaifu, wasiomudu baridi, wafugaji wakitafuta ugonjwa usiokuwepo. Kwenye vikundi vya Meru beberu alizungushwa kutoka kikundi hadi kikundi kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa, na sijaona utaratibu bora zaidi kwa maskini. Vijana dume watengwe na majike wakiwa na miezi mitatu, maana huweza kupanda mapema kuliko tunavyodhani.

Kisha pembe. Wafugaji wengi humpenda mbuzi asiye na pembe kwa sababu hajeruhi wenzake, hivyo humchagulia jike kipara beberu kipara. Kwa mbuzi wenye asili ya Uswisi, kama Saanen na Toggenburg, sifa ya kutokuwa na pembe imeambatana na kasoro ya uzazi: jike anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa khuntha, hazai wala hatoi maziwa. Nyumba inamlisha mwaka mzima ikingoja apate joto. Mzazi mmoja lazima awe na pembe za kuzaliwa nazo. Beberu aliyechomwa pembe utotoni anafaa, kwa kuwa kwa asili anazo, kwa hiyo kabla ya kulipia pita kidole juu ya kichwa chake utafute kovu lisilo na manyoya, kisha mwulize mwenyewe mama yake ni nani na amepanda majike ya nani hapo kijijini. Kama hana daftari la majibu hayo, nenda kwa beberu mwingine.